Usalama wa Mtoto na Riziki ya Muuza Mitumba

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kulindiwa afya na usalama wake. Kinamhusu kila auzaye, awe na duka kubwa mjini Nakuru au turubai kando ya barabara pale Longonot. Hata hivyo, muuza mitumba hununua robota lililofungwa. Hajui yaliyomo, wala hana maabara ya kupima madini ya risasi katika rangi ya kitu cha kuchezea.

Tatizo hili liliikumba Marekani pia. Sheria yake ya 2008 iliweka kikomo cha risasi katika bidhaa za watoto, na wauzaji wa vitu vilivyotumika wakahofia kuuza hata vilivyo salama. Mwaka 2011 ilirekebishwa, vingi vya vitu hivyo vikaondolewa kikomo hicho, isipokuwa mapambo ya madini kama mikufu.

Hivyo basi, ni haki gharama ya upimaji imwelemee mwagizaji. Mchuuzi naye akague kinachoonekana: kifungo kilicholegea, kamba ya shingoni, betri isiyofunikwa. Umaskini wa mzazi usimpunguzie mtoto usalama, wala sheria isimtwike mchuuzi mzigo asioweza kuubeba.