Mwanachama au Uko Kwenye Kundi Tu?

Ndugu aliyepata uraia wa Marekani na kuajiriwa na serikali kuu hukutana na mambo mawili ambayo wengi huyachanganya: kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, na kuwamo katika kundi la majadiliano.

Uanachama ni hiari. Chini ya sheria ya 1978, mtumishi wa serikali kuu halazimishwi kujiunga wala kulipa ada. Kundi hufuata kazi unayofanya. Karani au muuguzi anaweza kuwamo. Meneja na msimamizi hawamo. Ukipandishwa cheo kuwa msimamizi, unatoka.

Ukiwamo, mkataba uliojadiliwa na chama unakuhusu hata kama hulipi senti. Ukiitwa kuhojiwa na una sababu ya kuhofia adhabu, una haki ya kuwa na mwakilishi wa chama, lakini lazima umwombe mwenyewe. Usione haya kuomba.

Utajuaje? Fungua fomu yako ya ajira, SF-50, utazame kisanduku cha 37. Namba 8888 maana yake hustahili kuwamo. 7777 maana yake unastahili, ila hujawekwa katika kundi lolote. Namba nyingine hutaja kundi lako.

Tazama fomu ya karibuni, kwani amri ya rais ya Machi 2025 iliondoa taasisi nyingi katika majadiliano. Kinga ni bora kuliko tiba: itazame leo, kabla hujaitwa ofisini.