Mkono uliolisha na mkono unaoua

Kila mfugaji ajua kwamba mnyama wake atakufa siku moja. Mbuzi atauzwa sokoni, ng'ombe atachinjwa kwa arusi, na mwenyewe atalala vema usiku. Basi, mbona mtu huyohuyo, akiamriwa kuua kundi zima kwa sababu ya ugonjwa, aweza kukosa usingizi miezi mingi? Wengine hucheka wakisema: «Si wanyama tu?» Tutazame jambo hili taratibu.

Mfano ulio wazi watoka Uingereza. Mwezi wa Februari 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ulionekana huko. Ugonjwa huo hauui watu, na wanyama wakubwa wengi hupona; lakini waenea upesi kabisa na kuharibu biashara ya mifugo. Kwa hiyo serikali iliamuru kuua, si wagonjwa tu, bali hata wazima wa mashamba jirani. Mwaka haujaisha, wanyama zaidi ya milioni 6 walikuwa wamekufa. Jimbo la Cumbria, upande wa kaskazini, liliumia kuliko yote. Huko Great Orton, katika kiwanja cha zamani cha ndege, walizikwa kondoo zaidi ya 400,000.

Kisha watu wa chuo kikuu cha Lancaster waliwaomba wenyeji 54 wa Cumbria waandike kila juma habari za maisha yao, muda wa miezi 18. Matokeo yalitangazwa mwaka 2005: ndoto za kutisha, huzuni kama ya msiba, mambo ya siku zile kurudi ghafula machoni, hofu ya kupatwa tena, na kutowaamini wakubwa.

Sababu ni zipi? Twaona tatu.

Ya kwanza: mauti hayo hayakuwa na matunda. Mnyama akichinjwa, watu hula. Huko nyama ilichomwa moto au kufukiwa, na kazi ya miaka mingi haikumshibisha mtu.

Ya pili: fidia hairudishi yote. Katika milima ya Cumbria kondoo hulisha pasipo ukuta. Kila kundi lajua mpaka wake, kwani mama humzoeza mtoto. Pesa zanunua kondoo wengine, lakini hazinunui maarifa hayo. Tena fidia ilipewa mwenye wanyama, si mtumishi aliyewakamua.

Ya tatu, nayo ndiyo kubwa: mkono uliolisha ndio ulioshika kamba siku ya kuua. Mfalsafa wa Marekani Bernard Rollin, katika miaka ya 1980, alieleza taabu hii ya dhamiri: mtu alichagua kazi kwa kuwa apenda wanyama, kisha kazi hiyohiyo yamtaka awaue. Huo si uchovu wa mwili, kupumzika hakuuponyi.

Hapa yafaa kupambanua huzuni na kosa. Aliyeua kwa amri halali, upesi, bila kutesa, wala hakuna njia nyingine, hakukosa. Walakini moyo wake waweza kumshitaki, hasa kama wanyama walikuwa wazima na sababu hakuifahamu. Tukimwambia tu: «Hukukosa, nyamaza», tumemwacha peke yake. Uchungu wake hauonyeshi kwamba alitenda vibaya. Waonyesha kwamba alitunza vema.

Tumsaidie namna gani? Aelezwe sababu mbele ya kazi, wala si nyuma. Asilazimishwe kuua wale aliowalea mwenyewe. Wengine wafanye, tena kwa zamu. Baadaye apate mtu wa kumsikiliza, na ikiwezekana awe mmoja aliyepita njia ile. Na kama ajitenga na watu, anywa pombe kupita kiasi, au asema kwamba afadhali kufa, asiachwe peke yake, apelekwe kwa mganga bila kukawia.

Mambo haya si ya Wazungu tu. Sisi Wakongo twaijua homa ya nguruwe, inayoweza kumaliza zizi zima kwa siku chache. Ikifika kijijini, tusiulize tu nguruwe wangapi wamekufa. Tuulize pia ni nani aliyepewa kazi ya kuwaua, na kama apata usingizi.