Mchungaji Aliyeshona Viatu

Akina mama wengi tumelisikia jina la William Carey kanisani, hasa katika siku za kuombea misheni. Tumeambiwa alitafsiri Biblia huko Bara Hindi. Lakini ni mara chache tunaelezwa kwamba mtu huyu alifanya kazi ya mikono, na ni mara chache zaidi tunaelezwa habari za mke wake. Katika ukurasa huu tumependa kumkumbuka pamoja na nyumba yake.

Carey alizaliwa tarehe 17 Agosti 1761 katika kijiji cha Paulerspury, Uingereza, mtoto wa mfuma nguo. Akiwa kijana alipelekwa kujifunza ushonaji wa viatu. Mwaka 1781, kabla hajatimiza miaka ishirini, alimwoa Dorothy Plackett, dada aliyemzidi umri, ambaye hakujua kusoma wala kuandika. Siku ya arusi alitia alama ya msalaba mahali pa sahihi. Bwana wake wa kazi alipofariki, Carey aliichukua biashara ile ndogo, na kwa msharasi na uzi akalisha familia yake. Mtoto wao wa kwanza, Ann, alikufa kwa homa angali mdogo sana.

Alipofanywa mchungaji wa kanisa la Kibaptisti huko Moulton, mwaka 1787, posho ya kanisa haikutosha chakula. Basi alihubiri, akafundisha shule, na akashona viatu. Penye kazi alibandika ukutani ramani kubwa aliyoichora mwenyewe, ameandika hali ya kila nchi, na vitabu vya lugha vilikuwa karibu naye. Je, nani aliyekuwa akipika uji na kuhesabu senti katika nyumba hiyo? Ramani haikumwonyesha.

Mwaka 1793 Carey alikubali kwenda Bara Hindi. Dorothy alikataa. Sisi hatumlaumu. Alikuwa mjamzito, hakuwa amezoea safari, na mume aliamua kwanza ndipo akamwambia. Carey aliondoka na mtoto wao mkubwa, Felix, lakini safari ile ikakwama kwa kukosa kibali, akarudi nyumbani. Safari hii Dorothy, ambaye alikuwa amejifungua majuma machache tu, alikubali kwa sharti kwamba dada yake Kitty afuatane nao. Walisafiri baharini karibu miezi mitano.

Huko walipata taabu ya fedha tangu mwanzo. Mwaka 1794 Carey aliajiriwa kusimamia kiwanda cha nili, ile rangi ya buluu ya nguo, huko Mudnabati. Mshahara ulipatikana, lakini mwaka huohuo Peter, mtoto wao wa miaka mitano, akafa kwa kuhara damu. Watu wa kumchimbia kaburi walipatikana kwa shida. Tangu hapo akili za Dorothy zilivurugika. Alimshuku mumewe kwa uzinzi ambao haukuwapo, akawa akimfuata njiani na kumkemea mbele ya watu. Wengine walishauri apelekwe katika nyumba ya wagonjwa wa akili. Carey alikataa, akabaki naye nyumbani, na kwa miaka mingi alitafsiri Maandiko huku mkewe akilia katika chumba cha pili. Tarehe 28 Desemba 1800, Carey alipombatiza Krishna Pal, Mhindi wa kwanza wa kanisa lao, pamoja na Felix, Dorothy alikuwa amefungiwa ndani. Alifariki mwaka 1807.

Na wale wavulana, nani aliwalea? Hapa lazima tumtaje Hannah Marshman. Yeye na mumewe waliungana na Carey huko Serampore, mji uliokuwa chini ya Wadenmarki. Mama huyu aliwaangalia watoto wa Carey waliokuwa wakikua bila maongozi, na mwaka 1800 yeye na mumewe walifungua shule za bweni. Karo ya shule zile ilikuwa nguzo mojawapo ya misheni. Carey naye alifundisha lugha katika chuo cha Fort William kuanzia mwaka 1801, kwa rupia 500 kwa mwezi, na fedha aliziweka katika mfuko mmoja wa wote, kila familia ikichukua kidogo tu. Agano Jipya la Kibengali lilipigwa chapa mwaka huohuo. Tarehe 11 Machi 1812 moto uliteketeza nyumba ya kupigia chapa, karatasi na miswada ya miaka mingi. Mzee alilia, kisha akaanza upya.

Hadithi moja husimuliwa sana. Katika karamu ya wakubwa, ofisa mmoja aliuliza kwa sauti kama Carey hakuwa mshona viatu zamani. Mchungaji alimjibu kwamba hapana, alikuwa mtia viraka tu.

Mwaka 1829 serikali ilipopiga marufuku desturi ya kuwachoma wajane pamoja na maiti za waume zao, Carey aliletewa amri ile aitafsiri kwa Kibengali. Ilikuwa Jumapili. Alimwachia mwingine mimbari, akakaa kuandika hadi akamaliza, kwa kuwa kila saa ya kuchelewa ingeweza kugharimu maisha ya mwanamke.

Alioa tena mara mbili: Charlotte Rumohr mwaka 1808, mwanamke mgonjwa aliyeishi naye miaka kumi na mitatu kwa furaha kubwa, na baadaye Grace Hughes, aliyemuuguza hadi mwisho. Carey alifariki tarehe 9 Juni 1834, akiwa na miaka 72, baada ya miaka arobaini na moja bila kurudi Uingereza hata mara moja. Katika wosia wake alisema hana haki yoyote katika mali ya misheni ya Serampore, na akaomba azikwe kando ya Charlotte. Dorothy naye amelala huko huko Serampore.