Je, Wajua? Marekani, Mlinzi Wako Kazini Hutegemea Jimbo Ulilomo

Je, wajua kwamba Marekani haina mkaguzi mmoja wa usalama kazini? Sheria aliyoisaini Rais Richard Nixon tarehe 29 Desemba 1970 ilizaa OSHA, idara ya serikali kuu yenye kazi ya kumkinga mfanyakazi na ajali na magonjwa ya kazini. Sheria hiyohiyo ikaruhusu jimbo lolote kuibeba kazi hiyo lenyewe, mradi ulinzi wake usiwe dhaifu kuliko ule wa serikali kuu. Mpango wa jimbo ukikubaliwa, serikali kuu hulipa hadi nusu ya gharama.

Majimbo 21 na kisiwa cha Puerto Rico yameichukua kazi yote, kuanzia kampuni binafsi hadi watumishi wa umma. Majimbo mengine sita, pamoja na Visiwa vya Virgin vya Marekani, yamechukua watumishi wa jimbo na wa miji tu, na kampuni binafsi yakaiachia serikali kuu. Massachusetts lilijiunga na kundi hili la pili mwaka 2022.

Kwa hiyo mwezeka mapaa wa Cincinnati, Ohio, akianguka kutoka juu, anayekuja kuchunguza ni ofisa wa serikali kuu. Avuke daraja la Mto Ohio, aangukie Covington, Kentucky, atakayekuja ni ofisa wa jimbo. Paa lilelile, ngazi ileile, ila ofisi ni nyingine na mlolongo wa rufaa ni mwingine.

Je, wajua kwamba OSHA ya Tanzania si tawi la hiyo ya Marekani? Ni wakala wa serikali wenye herufi zilezile, ulioanzishwa mwaka 2001. Nasi tuna mgawanyo wetu: masuala ya kazi si ya Muungano, hivyo wakala huo husimamia Tanzania Bara, huku Zanzibar ikiwa na sheria yake ya usalama na afya kazini ya mwaka 2005.

Turudi Marekani. Wakati sheria ya Nixon inapita, inakadiriwa Wamarekani 14,000 walikuwa wakifa kazini kila mwaka. Mwaka 2023 walikufa 5,283, ilhali idadi ya wafanyakazi imeongezeka maradufu. Nafuu ni kubwa, lakini hao 5,283 ni watu waliotoka nyumbani kwenda kutafuta riziki.

Wakaguzi wa majimbo na wa serikali kuu, ukiwajumlisha wote, hawafiki 2,000. Wafanyakazi ni zaidi ya milioni 150. Hata mpaka wa kazi uchorwe vizuri namna gani, wakaguzi hao hawatoshi.

Je, wajua kisa cha Hamlet? Huu ni mji mdogo wa North Carolina, jimbo ambalo hujikagulia lenyewe. Asubuhi ya tarehe 3 Septemba 1991, siku moja tu baada ya Sikukuu ya Wafanyakazi ya Marekani, mpira wa mafuta ya mtambo ulichomoka karibu na kikaango kikubwa katika kiwanda cha kuku cha Imperial Food Products. Mafuta yakatapakaa, yakashika moto, na moshi mzito ukajaa ndani. Watu wakakimbilia milangoni. Milango ilikuwa imefungwa kwa nje, kwa kuwa wenye kiwanda waliogopa wafanyakazi wangeiba kuku. Walikufa watu 25, wengi wao wanawake, na zaidi ya 50 wakajeruhiwa.

Kiwanda hicho kilikuwa kimefanya kazi miaka 11, na katika miaka yote hiyo hakuna mkaguzi wa usalama aliyewahi kukanyaga. Jimbo lilikuwa limeapa kwamba ulinzi wake haupungui ule wa serikali kuu. Wakaguzi lilikuwa nao wachache mno, na serikali kuu, ambayo kisheria ndiyo inayolisimamia jimbo, ilikuwa imeliachia. Baada ya maziko ndipo OSHA ya serikali kuu ilipoingia kukagua sambamba na jimbo, na bunge la jimbo likapitisha sheria mpya kadhaa za usalama. Mwenye kiwanda alihukumiwa kifungo cha karibu miaka 20. Hakutumikia hata mitano.

Usidhani basi kwamba jimbo siku zote ndilo zembe. Mwaka 1987 Gavana George Deukmejian wa California aliifuta idara ya jimbo iliyokagua kampuni binafsi, akisema anabana matumizi, na serikali kuu ikalazimika kuishika kazi hiyo. Wafanyakazi hawakukubali, kwa sababu kanuni nyingi za California zilikuwa kali kuliko za serikali kuu. Vyama vyao vikakusanya sahihi, swali likapelekwa kwenye kura ya wananchi Novemba 1988, na wananchi wakaamua idara yao irudi. Ni mara chache sana raia kupanga foleni kumpigia kura mkaguzi wa viwanda, na mimi nawavulia kofia.

Matunda yake yalionekana mashambani. Mwaka 2005, baada ya vibarua kufa kwa joto, California iliwalazimisha waajiri wa kazi za nje kutoa maji, kivuli na mapumziko. Serikali kuu haikuwa na kanuni yake ya joto. Ilitoa rasimu mwaka 2024, karibu miaka 20 baadaye. Na mwaka 2023 Texas, ambayo haina idara yake ya kukagua, ilipitisha sheria ya kuizuia miji kama Austin na Dallas isiwaamuru wajenzi kuwapa vibarua mapumziko ya kunywa maji. Florida ikafuata mwaka 2024. Kumnyima kibarua dakika chache za kunywa maji ni ukatili, hata ukiandikwa kisheria.

Je, wajua nani aliachwa nje kabisa? Mtumishi wa mji au wa jimbo pale ambapo jimbo halina mpango wake. Sheria ya 1970 haiuhesabu mji au jimbo kuwa mwajiri. Mwezi Januari 2006, mjini Daytona Beach, Florida, mafundi wa mji walikuwa wakikata kwa moto paa la chuma lililoharibiwa na kimbunga, juu ya tangi la methanoli katika mtambo wa kusafisha majitaka. Mvuke ukalipuka. Wawili walikufa, wa tatu akaumia vibaya. Wangekuwa wameajiriwa na kampuni binafsi, OSHA ingekuja. Bodi ya serikali kuu inayochunguza ajali za kemikali iliichunguza ajali hiyo, ikaishauri Florida iwape watumishi wake ulinzi ule walio nao wengine. Hadi leo Florida haimo katika orodha ya majimbo yenye mpango.

Migodi haimo katika mgawanyo huu wa majimbo na serikali kuu. Ina idara yake ya serikali kuu chini ya sheria ya mwaka 1977.

Mashamba madogo nayo yana habari yake. Tangu miaka ya 1970 Bunge la Marekani huandika katika bajeti kwamba fedha za OSHA zisitumike kukagua shamba lenye wafanyakazi 10 au pungufu, likiwa halina kambi ya vibarua wa muda. Jimbo lenye mpango wake linaweza kwenda huko, kwa fedha zake lenyewe.

Jimbo lisilo na mpango uliokubaliwa haliwezi kujitungia kanuni juu ya hatari ambayo serikali kuu imeshaitungia. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1992, katika kesi iliyohusu sheria za Illinois kwa wanaoshughulikia taka za sumu.

Nawageukia sasa wasomaji wetu, hasa Wakongomani na Warundi mlioko Kentucky, Iowa au Texas, kwenye maghala na viwanda vya nyama. Msimamo wa OSHA ni kwamba mafunzo ya usalama yatolewe kwa lugha ambayo mfanyakazi anaielewa, si kwa karatasi ya Kiingereza ya kusaini tu. Unaweza kulalamika na kuomba jina lako lisifike kwa bosi. Ukiona wakaguzi wa jimbo wamezembea, unaweza kuwashtaki wao kwa serikali kuu, nayo ina wajibu wa kulichunguza lalamiko lako.

Ila angalia kalenda. Ukifukuzwa kazi kwa sababu ulilalamika juu ya usalama, sheria ya serikali kuu inakupa siku 30 tu za kuwasilisha malalamiko. North Carolina, jimbo la Hamlet, linatoa siku 180.