Maji ya likidi ya sigara ya umeme: safi mu macho haitoshi

Kuna vijana, mu Kolwezi kama vile ku Lubumbashi, wanaojitengenezea nyumbani likidi ya sigara ya umeme, ile wengine wanaita chicha ya umeme. Sababu ni franga. Kachupa ka dukani kanaisha mbio, na anayeishi na kariyeri hana mshahara wa mwisho wa mwezi: leo umepata mifuko mitano, kesho hakuna. Basi wananunua gliserini, wanatafuta nikotini na harufu ya menti ao ya matunda, wanapima na seringi, wanatikisa. Gliserini ni nzito sawa asali, haipenyi vizuri ndani ya pamba ya kifaa, kwa hiyo wanaongeza maji kidogo ili iwe nyepesi.

Ni hapo njo tunataka kusimama. Maji gani? Tulipouliza, jibu lilikuwa karibu moja kila mahali: "Maji ni maji tu, mukubwa. Ikisha kuwa safi mu macho, kuna nini tena?"

Kuna mambo mengi. Lakini kwanza tuseme wazi: hatukuja kusifu hiki kifaa. Mutu aliyepitisha miaka akivuta vumbi la mawe chini ya ardhi hana mapafu ya kuchezea, na asiyevuta kitu asianze. Tunaandika kwa ajili ya yule ameacha sigara ya moto akahamia kwa ya umeme na anachanganya mwenyewe juu ya meza ya jikoni, pale pale mama anapokatia lengalenga. Huyo yuko, na kumfichia habari hakumlindi.

Tumbo na mapafu si kitu kimoja. Tumbo lina asidi yake, linapokea kitu kichafu, linapigana nacho, mara nyingine linashinda. Mapafu hayana mulango wa namna hiyo. Kile kinachoingia kama ukungu kinashuka moja kwa moja mpaka kwenye vifuko vidogo sana, mahali hewa inakutana na damu. Watu wa Korea Kusini walijifunza jambo hilo kwa uchungu. Tangu 1994 kule walikuwa wakiuza dawa ya kutia ndani ya maji ya mashini zinazotoa mvuke nyumbani, ili maji yasiote uchafu. Dawa ya namna hiyo, kwa kusafishia vitu, haikuonekana mbaya. Lakini ilipogeuka ukungu na kuvutwa usiku kucha, iliharibu mapafu ya watu wengi, bamama wenye mimba na batoto wadogo wakiwemo, na wengi walikufa. Ni mwaka 2011 tu njo iliondolewa sokoni.

Sasa turudi kwetu. Mawe ya Katanga yanayobeba shaba na kobalti, mengi ni ya jamii ya dolomi, ndugu yake chokaa. Maji yanayopita ndani yake yanabeba chokaa hiyo. Mama yeyote anayechemsha maji ya foraji anajua yale maganda meupe yanayobaki chini ya birika. Ukitia maji hayo ndani ya likidi, waya mdogo unaopata moto unafanya kazi ile ile ya birika: maji yanaondoka, chokaa inabaki juu ya waya na ndani ya pamba. Waya unavaa ganda, pamba inaungua, ladha inakuwa ya kuungua. Na si yote inabaki pale. Matone madogo yanaruka na kile kilichokuwa ndani yake, na wewe unavuta.

Chokaa peke yake ingekuwa shida ya kifaa tu. Lakini tunaishi mahali pa migodi. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mukojo wa watu wa Katanga: wale wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha walikuwa na kobalti nyingi mwilini. Mwaka 2018 wakatoa matokeo mengine, ya Kasulo, mule mu Kolwezi ambapo watu walichimba mpaka ndani ya viwanja vya nyumba zao, na batoto walikuwa na kobalti kupita hata wakubwa. Kobalti hiyo haikutoka mu maji peke yake. Vumbi ni njia kubwa. Lakini kisima kilicho chini ya mahali wanapooshea mawe si kisima cha kuamini kwa macho.

"Basi tunachemsha," watasema. Kuchemsha ni kuzuri kwa kunywa, na tusiache. Moto unaua vijidudu vya kuharisha. Lakini moto hauui metali. Ukichemsha lita mbili mpaka ikabaki moja, kobalti na risasi vyote viko pale pale, mara mbili zaidi ndani ya kila glasi. Kutia klori vilevile kunaua vijidudu, hakuondoi metali, na ndani ya likidi unakuwa umeongeza kitu kingine cha kuvuta.

Maji ya chupa na ya sashe? Jina lenyewe linajibu. Maji ya minerali ni maji yenye minerali. Ni kwa kunywa njo yalitengenezwa. Sashe ni maji yaliyochujwa, na kuchuja kwa kawaida hakutoi chumvi iliyoyeyuka. Maji ya mvua yangekuwa mazuri kama yangetoka mawinguni mpaka ndani ya kikombe bila kugusa kitu, lakini yanapita juu ya bati letu, na bati la muji wa mugodi linakusanya vumbi miezi yote ya kiangazi. Wengine wanakinga maji yanayodondoka kwenye klimatizeri ya ofisi, wakisema ni sawa maji ya batri. Yamepita juu ya chuma chenye vumbi na ukungu wa kuoza. Tuyaachie ndoo ya kufagilia.

Tufike kwa maji ya batri, juu ya hapa njo kuna hatari kubwa zaidi. Kwa wauza vipuri kuna chupa mbili zinazofanana. Moja ni maji yaliyotolewa chumvi, ya kuongeza ndani ya batri iliyokauka. Ingine ni asidi sulfuriki ya kujaza batri mupya, ndugu ya ile ile inayopita kwa makamiyo kwenda viwandani kuyeyusha shaba. Zote hazina rangi, na mara nyingi zinahamishiwa ndani ya chupa za kunywa zilizotumika. Wachimbaji wanajua asidi inafanya nini kwa ngozi. Hakuna haja tuwaeleze inafanya nini kwa koo. Hata ukipata ile ya kweli isiyo asidi, haikutengenezwa kwa mwili wa mutu. Kutoa chumvi kunafanywa na chembechembe za rezini zinazokamata metali na chokaa, lakini hazikamati vijidudu. Mara nyingine vijidudu vinazaliana pale pale ndani ya rezini.

Maji yaliyodistiliwa ni jambo lingine, na hapa hatuhitaji kufundisha mutu wa Katanga. Anayejua lutuku anajua distilasyo: unachemsha, mvuke unapita ndani ya bomba, bomba linapoa, matone yanadondoka, uchafu unabaki nyuma ndani ya tono. Kwa maji ni vile vile. Chokaa, kobalti, risasi, vyote vinabaki chini. Tatizo ni chombo. Tono la lutuku pengine lilibeba dawa za kiwanda kabla ya kubeba pombe, na bomba lake limeungwa na risasi. Mvuke uliotoka safi unaoga tena uchafu njiani. Kwa hiyo yule jirani anayesema atakudistilia maji kwa mashini yake ya lutuku, umushukuru, lakini usiyavute.

Yanayofaa yako farmasi. Ni vile viampule vya mililita 5 ao 10 ambavyo muganga anavunja ili kuyeyusha dawa ya unga kabla ya kupiga sindano. Vimeandikwa kwa Kifaransa "eau pour préparations injectables". Yamedistiliwa ao kusafishwa kwa kiwango hicho, yameuliwa vijidudu, yamefungwa. Bei si ya kutisha. Lakini soma maandishi, ampule kwa ampule, juu ya zinafanana sana. Ile yenye neno "chlorure de sodium" ni seramu ya chumvi, gramu 9 kwa lita. Itaharibu waya na itakupa chumvi ya kuvuta. Kuna zenye glukozi, kuna zenye dawa ya ganzi, kuna zenye potasi ambayo ni hatari kubwa. Ampule ikishafunguliwa haina kitu cha kuilinda: tumia unachohitaji, iliyobaki mwaga. Usiifunike na plastiki ukaiweka mpaka juma lijalo.

Na unachohitaji ni kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Kwa likidi ya mililita 100, maji mililita 5 yanatosha. Ukipita 10 umezidisha. Maji mengi yanafanya kifaa kivuje, kinatema matone ya moto mudomoni, na likidi yenye maji mengi inaota vijidudu mbio, hasa mu joto la mwezi wa kumi.

Kwa mawazo yetu, heri kutotia maji kabisa. Propileni glikoli, ile likidi nyepesi inayotumika pamoja na gliserini, inafanya kazi hiyo ya kulegeza. Nusu kwa nusu inapita vizuri ndani ya vifaa vidogo vingi, na hakuna tena swali la kisima ao ampule. Sharti moja: iwe ya kiwango cha dawa, pamoja na gliserini yake, ndani ya chupa iliyofungwa na kuandikwa. Gliserini ya kupaka ngozi, ile bamama wananunua sokoni, mara nyingi ina manukato na si ya mapafu. Na iliyogawanywa kutoka bidoni lisilo na jina ni mbaya zaidi. Mwaka 2022, kule Gambia, zaidi ya batoto 60 walikufa baada ya kunywa siro za kikohozi zilizokuwa na dietileni glikoli, sumu inayofanana na vitu hivi kwa rangi na kwa uzito. Ulimi hauwezi kuitambua.

Mafuta, hapana. Harufu yenye mafuta inayeyuka vibaya na inakaa mapafuni. Marekani, mpaka mwezi wa pili wa 2020, walihesabu wagonjwa 2.807 wa hospitali na wafu 68 wa ugonjwa uliofungamana zaidi na mafuta ya vitamini E, hasa ndani ya likidi za bangi.

Neno la nikotini, kwa bamama. Ulaya imeweka sheria kwamba chupa ya kuuza isipite mililita 10, na nikotini isipite miligramu 20 kwa mililita. Huku inakuja hata ile kali kupita hapo. Inapenya ngozi, na mutoto mudogo akimeza kidogo anaweza kufa. Ina harufu ya bonbo, inavuta batoto. Iwekwe juu, mahali pa kufunga, na seringi iliyoipima isioshwe ndani ya beseni la sahani. Ikimwagika mukononi, osha na maji mengi na sabuni. Kwa kazi hiyo, ya robine inatosha.

Na kwa nyumba zenye mutoto wa asma aliyepewa mashini ya aerosoli hospitalini, yote tuliyosema juu ya chokaa na metali inahusu pia ile mashini. Lakini pale usichague mwenyewe kati ya maji na seramu ya chumvi: seramu ile ile inayoharibu sigara ya umeme, kwa aerosoli mara nyingi njo muganga anaiandika. Fuata karatasi yake, na kikombe cha mashini kikisha kuoshwa, kikaushwe kabisa mbele ya kukirudisha.