Konokono wetu wa pwani na mnyoo aliyetafutwa kumla

Mvua zinapoanza Mtwara, wale konokono wakubwa wenye ganda la kahawia hutoka mafichoni na kupanda migomba na kuta za nyumba. Huku tumewazoea. Ughaibuni ni adui wa wakulima, na vita dhidi yao ndiyo iliyomsambaza mnyoo tunayemweleza leo.

Asili ya konokono huyu ni pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1847 alifikishwa Calcutta, India, kutoka Mauritius. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia Wajapani walimpeleka visiwa vya Pasifiki awe kitoweo. Akageuka kula mazao, na watu wakaanza kutafuta wa kumla yeye.

Aliyepatikana ni mnyoo bapa wa kisiwa cha New Guinea, kwa jina la kisayansi Platydemus manokwari. Ana urefu wa sentimita 4 hadi 6, mgongo mweusi wenye mstari mwembamba wa rangi hafifu, na ni mwembamba kama utepe. Hana mapafu wala damu; hewa hupita kwenye ngozi, ndiyo maana hukaa penye unyevu. Mdomo wake uko katikati ya tumbo. Humfuata konokono kwa kunusa ute wake, hata juu ya mti, kisha hutoa mrija mweupe kupitia mdomo huo, humwaga majimaji ya kuyeyusha nyama na kuifyonza. Njia ya haja hana: mabaki hutokea pale pale mdomoni. Mara nyingi wanyoo kadhaa humvamia konokono mmoja.

Kila mmoja ana jinsia zote mbili. Kifuko kimoja cha mayai hutoa watoto 3 hadi 9, kwa muda wa wiki moja hivi.

Mwaka 1981 alipelekwa makusudi kisiwa cha Bugsuk, Ufilipino, na konokono wetu wakapungua kweli. Tatizo ni kwamba mnyoo hachagui. Katika kisiwa cha Chichijima, Japani, amewamaliza konokono wa asili ambao hawakumkosea mtu. Misitu yetu ya pwani nayo ina konokono wadogo wasiopatikana kwingine duniani.

Bahari haivuki mwenyewe. Husafiri ndani ya udongo wa miche. Mwaka 2013 alikutwa Caen, Ufaransa, kwenye nyumba ya vioo ya kukuzia mimea. Mtwara tuna bandari, na ukaguzi wa mimea inayoingia nchini ni kazi ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Anayeleta mche wa maua kwenye mkoba hupita bila mnyoo wake kuonekana.

Ukikuta mnyoo wa namna hii chini ya chungu cha maua, usimshike kwa mkono mtupu, maana anaweza kubeba vimelea vya mapafu ya panya ambavyo kwa binadamu hushambulia ubongo. Wala usimkate kwa jembe. Vipande vyake huota upya vikawa wanyoo wazima. Mpige picha, mtie kwenye chupa yenye kifuniko, umpelekee ofisa kilimo.