Utafiti wa Majaribio Si Sentensi Moja ya Sura ya Tatu

Ukipitia ripoti za utafiti za mwaka wa mwisho, hukosi kukutana na sentensi hii kwenye sura ya tatu: "Dodoso lilijaribiwa kwa asilimia 10 ya sampuli." Nukta. Nini kilionekana, nini kilibadilishwa, hakuna anayesema. Sentensi imedeswa kutoka ripoti ya mwaka jana, nayo ya mwaka jana ilidesa ya mwaka juzi. Mimi nasoma ualimu, lakini nataka tuliangalie jambo hili kupitia utafiti wa uuguzi. Huko unayemuuliza ni mgonjwa, na jibu lake linaweza kubadilisha namna mgonjwa mwingine atakavyohudumiwa.

Utafiti wa majaribio ni utafiti wako uleule, ila mdogo. Unapita hatua zote, kuanzia kuomba ridhaa hadi kuingiza data kwenye kompyuta, kabla ya kuanza ule mkubwa. Haulengi kujibu swali lako la utafiti. Unalenga kukuonyesha kama njia uliyochagua inapitika.

Kazi yake ya kwanza ni kupima lugha. Madodoso mengi tunayaandika kwa Kiingereza kisha tunayatafsiri. Chukua swali hili: "Je, una shinikizo la damu?" Kila mtu aliye hai analo, ulichokusudia ni la juu. Mtaani watu wanasema presha, na wanatofautisha presha ya kupanda na presha ya kushuka. Wote wawili wanaweza kukujibu "ndiyo", ukawatia kapu moja. Au hili: "Je, unameza dawa kila saa nane?" Wewe unamaanisha kila baada ya saa 8, yeye anaelewa kila ikifika saa nane mchana. Mmoja anameza mara 3 kwa siku, mwenzake mara 1, na majibu yao yanafanana. Kompyuta haiwezi kugundua kosa hilo. Anayeligundua ni wewe uliyekaa na mgonjwa ukamwomba akueleze alivyolielewa swali.

Kazi ya pili ni kupima utaratibu. Dodoso lililomchukua rafiki yako hosteli dakika 15 linaweza kumchukua mgonjwa mwenye maumivu dakika 40. Ukifika wodini wauguzi wakiwa wanakabidhiana zamu, hakuna wa kukusikiliza. Ukifika muda wa kuona wagonjwa, ndugu wamezunguka kitanda. Hapo nani atakwambia ukweli kuhusu hali yake ya VVU? Unaona pia wangapi wanakubali kushiriki, wangapi wanaishia njiani, na kama wasaidizi wako wawili wakimpima presha mgonjwa mmoja wanapata namba zinazokaribiana.

Sasa, watu wangapi wanatosha? Ile asilimia 10 ni mazoea tu. Ya sampuli ya 384, ambayo wengi wetu tunaijua, ni watu 38 hivi. Mwaka 2005 mwanatakwimu Steven Julious alipendekeza watu 12 kwa kila kundi, kwa wanaolinganisha makundi. Ila piga hesabu mwenyewe. Kama swali linamkwamisha mtu 1 kati ya 10, ukijaribu kwa watu 5 una nafasi ya asilimia 41 tu ya kukutana na aliyekwama. Kwa watu 30, nafasi hiyo inafika asilimia 96.

Tusiupe utafiti huu kazi isiyo yake. Mwongozo wa CONSORT wa mwaka 2016 kuhusu majaribio ya awali haushauri kuutumia kuthibitisha kwamba tiba au huduma fulani inafanya kazi. Watu ni wachache mno. Tena, ukibadilisha maswali, usichanganye majibu ya zamani na mapya. Na kibali cha maadili unakihitaji kabla ya huu mdogo pia, maana mgonjwa wa majaribio ni mgonjwa kamili.

Mwaka 2002 Edwin van Teijlingen na Vanora Hundley waliandika katika jarida la wauguzi la Uingereza, Nursing Standard, wakihimiza watafiti waeleze kwa kina walichojifunza kwenye majaribio. Kwetu hilo ni aya moja tu: tulijaribu wapi, kwa watu wangapi, swali lipi lilikwama, tukalibadilisha vipi. Aya hiyo haiwezi kudeswa, kwa sababu kila wodi na kila darasa lina mikwamo yake.

Kama hukujaribu, usiandike kwamba ulijaribu. Msimamizi anaweza asijue, na sapu usipate. Lakini mwanafunzi wa mwakani atalichukua dodoso lako akiamini limeshapimwa, aende nalo kwa wagonjwa 384 wengine.